Maua ya Hela ya Kula

Kibandiko cha bei kilikuwa kimebanduka nusu. Aliyejaribu kukitoa alikuwa na haraka, maana tarakimu mbili za mwisho zilibaki zimeng'ang'ania kwenye karatasi angavu iliyofunga maua. Mwenzangu wa chumbani alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, shada la waridi aliloletewa na mpenzi wake likiwa mapajani, akikwangua kile kibandiko kwa ukucha wa kidole gumba. Ilikuwa jioni ya tarehe 14 Februari. Nje kwenye korido wenzetu walikuwa wakiitana kupiga picha.

"Hongera, mwenzangu," nikamwambia. "Mazuri kwelikweli."

Akainua uso. "Hii ni hela yake ya kula. Juzi tu kaniambia imebaki ngapi mpaka mwisho wa mwezi."

Halafu akayapiga picha yale maua, akaiweka status, akaandika shukrani ndefu yenye mioyo myekundu.

Usiku ule alilala mapema kuliko kawaida yake.

Maneno yale yamenikaa kichwani wiki nenda wiki rudi. Nilidhani majaribio ya katikati ya muhula yakianza nitayasahau, wapi. Kila nikiyaweka pembeni narudi kwenye swali lilelile: siku ya wapendanao ikiwakuta watu wawili wasio na hela, nani hasa anayeilipia?

Anayepokea naye hulipa

Ushauri mwingi wanaopewa wanafunzi kuhusu Valentine huelekezwa kwa mtoaji. Nunua kidogo kionekane kikubwa. Kifunge vizuri. Tafuta punguzo. Mpokeaji hayumo kwenye hesabu, kana kwamba kazi yake ni kunyoosha mikono na kufurahi.

Mimi nilimwona mpokeaji kwa karibu. Siku zilizofuata mwenzangu alikuwa akipika, anakula nusu, nusu nyingine anaifunika. "Atapita," alikuwa akisema, na kweli jioni kijana alipita, naye akashuka na sahani hadi chini ya ngazi. Sikuwahi kusikia wakiyataja maua. Maua yenyewe yalikuwa dirishani, ndani ya chupa ya maji iliyokatwa shingo, na kabla wiki haijaisha vichwa vilishaanza kuinama.

Kwa hiyo alilipa. Alilipa kwa sahani yake, na kwa furaha aliyolazimika kuionyesha siku ile ili asimvunje moyo mwenzake. Na tayari alikuwa ameanza kupiga hesabu ya kitu atakachomrudishia siku yake ya kuzaliwa ikifika.

Mwanaanthropolojia Mfaransa Marcel Mauss alilieleza hili mwaka 1925, akiandika kuhusu jamii za visiwa vya Pasifiki na za kaskazini magharibi mwa Amerika: zawadi huja na wajibu wa kutoa, wajibu wa kupokea, na wajibu wa kurudisha. Kwa wenye nacho, huo wa kurudisha ni sehemu ya raha. Kwa wawili waliofulia, ni deni linalozunguka kati ya mifuko miwili mitupu.

Kuna jambo jingine nililolisoma likanigusa zaidi. Uingereza, kabla ya mageuzi ya posta ya mwaka 1840, mara nyingi aliyelipia barua alikuwa ni yule aliyeipokea. Barua ya mapenzi ilipofika mlangoni, mpenzi alitakiwa kutoa hela ndipo aisome. Rowland Hill ndiye aliyepigania mpango ugeuzwe: mtumaji alipie mwenyewe, peni moja tu kwa barua nyepesi, iwe inakwenda karibu au mbali ndani ya nchi. Baada ya hapo kadi za Valentine zikawa nyingi kupita kiasi.

Nawafikiria wale waliokuwa wakisimama mlangoni wakipekua mifuko. Sidhani kama wamekwisha.

Kwa nini waridi hupanda bei

Waridi likishakatwa halingoji. Huwezi kulivuna Novemba ukaliweka hadi Februari. Wakulima wa Kenya, Ekuado na Kolombia, ambao maua yao huuzwa kwa wingi Ulaya na Marekani, hupogoa mimea yao kwa kuhesabu wiki kurudi nyuma ili ichanue karibu na siku yenyewe. Kisha maua husafirishwa kwa ndege yakiwa kwenye baridi, ndani ya siku chache, huku watu wa nchi nyingi wakiyataka kwa tarehe ileile. Si haki kumtupia lawama zote muuzaji wa mwisho. Bei inapanda kwa kuwa wote tumekubaliana kutaka kitu kimoja siku moja, na kitu chenyewe hakidumu.

Mwanafunzi hana ubavu wa kushindana na hilo. Fedha zake, kama zipo, huingia kwa mafungu, na Februari 14 haimuulizi fungu limebaki kiasi gani.

"Kutoa ni moyo"

Hapa ndipo nilipokwama kuliko pengine pote.

Jibu jepesi lilikuwa mkononi: kutoa ni moyo, si utajiri. Msemo huo nimekua nao na ninauamini. Lakini nimeona kwamba unamtoka kirahisi zaidi mtu ambaye mfuko wake una kitu. Wahenga haohao walisema pia mkono mtupu haulambwi, na yeyote aliyewahi kwenda kwenye sherehe ya mwenzake bila kitu anajua walikuwa wanasema nini. Unakaa nyuma. Unaondoka mapema. Unatafuta sababu ya kutokwenda mara nyingine.

Mtu aliyekua akihesabu kila senti ana haki ya kutamani siku moja isiyo na hesabu. Binti akitamani kuletewa ua, asiitwe mpenda pesa. Kijana akitamani kulileta, asiitwe mjinga. Kuweza kutoa kuna heshima yake, na ukimwambia asiye na vitu kwamba vitu havina maana, umemnyima mara ya pili.

Kwa hiyo niliogopa kuandika makala ya kuwahubiria wanafunzi wenzangu. Rasimu ya kwanza ilikuwa mahubiri matupu. Niliifuta.

Aliyenitoa pale ni yule kijana mwenyewe.

Tulikutana kwenye foleni ya kuchapisha kazi, siku ambayo mashine ilikuwa moja na watu wengi. Tukasalimiana, tukaulizana masomo. Mwishowe nikamwambia, "Kaka, samahani nikikuuliza jambo lisilonihusu," nikamuuliza kuhusu maua. Hakuchukia. Alikunja karatasi zake, akazikunjua, akasema:

"Dada, nilikuwa naifikiria korido yenu. Nikasema wenzake wote watakuwa wameshika maua, yeye atakuwa ameshika simu. Sikutaka kabisa."

Nilimheshimu kwa jibu lile, na ninamheshimu mpaka sasa. Anampenda mwenzangu, hilo halina mjadala. Lakini njiani kurudi chumbani nilikuwa nikiyarudia maneno yake. Aliifikiria korido. Katika hesabu nzima aliyoipiga kichwani, wenzetu wa korido waliulizwa wanatarajia nini, na mpenzi wake hakuulizwa.

Tangu hapo nikaacha kujiuliza kama hela ni muhimu kwenye mapenzi. Ni muhimu. Swali langu likawa: zawadi ile ilikuwa inamjibu nani?

Kuna utafiti wa Francis Flynn na Gabrielle Adams uliochapishwa mwaka 2009. Waliwauliza watoaji na wapokeaji kuhusu zawadi za kweli, zikiwemo pete za uchumba. Watoaji waliamini kwamba kadiri zawadi ilivyo ghali ndivyo itakavyothaminiwa zaidi. Kwa wapokeaji, kuthamini hakukufuata bei. Nilipousoma nilifarijika kidogo, halafu nikahuzunika, kwa sababu maana yake ni kwamba watu wawili wanaopendana wanaweza kukaa meza moja mmoja akijinyima ili ampe mwenziwe kitu ambacho mwenziwe hakipimi kwa kipimo hicho. Na wasijue, kwa kuwa hawajaambiana.

Binti aliyetaja kiasi

Barua ya Valentine ya zamani zaidi inayojulikana kwa Kiingereza iliandikwa Februari 1477. Ipo British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, London. Aliyeandika anaitwa Margery Brews, na anayeandikiwa ni mchumba wake, John Paston.

Nilitarajia nyota na mwezi. Mwanzo wake kweli ni wa mapenzi: anamwita Valentine wake mpendwa, anamwambia kwamba mwili na moyo wake havitakuwa na afya mpaka apate habari zake. Halafu anaingia kwenye hela.

Wakati ule baba wa binti ndiye aliyetakiwa kutoa mali ya kumwingiza bintiye kwenye ndoa, na upande wa John ulitaka zaidi ya kile baba alichokuwa tayari kutoa. Margery anamwambia wazi kwamba mama yake amemsihi sana baba, na hakuna kilichoongezeka. Kisha anasema kwamba kama John anampenda, hatamwacha kwa sababu hiyo, na kwamba yeye mwenyewe hata kama John angekuwa na nusu tu ya mali aliyonayo, asingemwacha.

Kuna barua nyingine ya mwezi uleule. Ndani yake anataja kiasi chenyewe: pauni 100 na maki 50 (maki ilikuwa kipimo cha hela cha wakati ule), basi. Ukiridhika na hizo pamoja nami, anamwandikia, nitakuwa msichana mwenye furaha kuliko wote. Usiporidhika, usijisumbue kuja tena kwa ajili ya jambo hili.

Walioana mwaka huohuo.

Nimezisoma habari hizi mara nyingi kuliko nilivyohitaji kwa makala. Zinanishika kwa sababu mapenzi na tarakimu vimekaa kwenye karatasi moja, na hakuna kilichomwonea mwenzake haya. Margery hakusema hela si kitu. Wala hakujifanya anayo. Alisema ipo kiasi hiki, mimi nipo, amua.

Sisi tunaweza kuambiana nywila za simu. Tunaweza kulia mbele ya mwenzetu. Lakini kusema "nimebakiwa na kiasi hiki" kunatushinda, na badala yake tunanunua shada.

Tulipokaa tukaambiana

Mimi na mpenzi wangu tarehe 14 tuliiacha ipite, kwa kuwa asubuhi yake alikuwa na jaribio. Hilo la tarehe halikunisumbua. Brazili wapenzi husherehekea Juni 12. Wales wana siku yao ya Mtakatifu Dwynwen, Januari 25. China ipo siku ya saba ya mwezi wa saba kwa kalenda ya jadi. Kama dunia yenyewe haijakubaliana, na wapenzi wawili wenye ratiba ya mitihani wanaweza kujichagulia Jumamosi ya Machi.

Kilichokuwa kigumu ni mazungumzo.

Nilimwambia nataka kabla ya kupanga chochote kila mmoja aseme anaweza kutoa kiasi gani. Alikuwa na kalamu mkononi, akawa anaizungusha juu ya meza.

"Unataka kujua nina ngapi?"

"Nataka kujua unaweza kutoa ngapi na bado ukala mpaka mwisho wa mwezi."

Kalamu ikazunguka tena. Akataja kiasi huku akitazama dirishani. Kilikuwa kidogo. Changu, mwezi ule, kilikuwa karibu mara mbili yake, na maneno yalishafika mdomoni: usijali, nitaongezea. Ni maneno ya upendo, na wengi wetu tungeyasema. Lakini nilikumbuka sahani iliyofunikwa, nikayarudisha. Ningeongezea, angeondoka pale ana deni, na siku ambayo tuliitaka iwe yetu ingekuwa yangu.

Tukakubaliana hivi: kiasi cha mwenye kidogo ndicho mwisho kwa wote wawili. Mwenye kingi haruhusiwi kupita hapo, hata kwa siri, hata kwa nia njema.

Ninaisimamia kanuni hii kuliko wazo lolote la zawadi nafuu. Mawazo ya zawadi yapo tele. Kinachokosekana ni mahali pa kuanzia ambapo hakuna anayejificha. Kiasi kikishasemwa, akili inafunguka. Kabla ya hapo kila mmoja anabahatisha peke yake gizani, na anayebahatisha huongeza, kwa kuogopa kuonekana mchoyo.

Hela yetu tuliitumia kwa basi. Tulipanda la kwanza tuliloliona, tukaenda nalo mpaka kituo cha mwisho, mahali ambapo sote wawili hatukuwahi kufika. Wazo hilo lilitokana na kazi ya mwanasaikolojia Arthur Aron na wenzake. Mwaka 2000 walichapisha jaribio ambalo wapenzi walifungwa pamoja kifundo cha mkono na cha mguu, wakatakiwa kutambaa juu ya magodoro ya mazoezi wakiwa na mto bila kuushika kwa mikono. Ilichukua dakika 7. Waliofanya hivyo walitoka wakiuona uhusiano wao kuwa bora kuliko wale waliopewa kazi ya kawaida ya kutambaa polepole. Ugeni wa jambo, na kulifanya pamoja, ndivyo vilivyofanya kazi. Hakuna aliyenunua kitu.

Huyohuyo Aron mwaka 1997 alichapisha maswali 36 ya kusogeza watu karibu, katika mafungu matatu, kila fungu likizama zaidi ya lililotangulia. Awali yalitumiwa kwa watu wasiojuana. Sisi tuliyafanyia kwenye kiti cha nyuma cha basi, na hatukuyamaliza. Fungu la pili lilituchelewesha. Kuna jibu moja alilonipa kuhusu kumbukumbu anayoithamini kuliko zote ambalo sitaliandika hapa, lakini tuna muda mrefu pamoja na sikuwa nalijua.

Halafu barua. Tulikubaliana kila mmoja aandike kwa mkono. Yake ilikuwa nyuma ya karatasi ya mazoezi ya takwimu. Ukiinyanyua kwenye mwanga unaona jedwali la upande wa pili likipenya kati ya mistari, na mahali fulani neno "nakushukuru" limekatwa, likaandikwa tena, likakatwa, mwishowe likaachwa. Aliniomba nisiisome mbele yake. Niliisoma mbele yake.

Palipobaki pagumu

Sitaki kudanganya kwamba kila kitu kimekaa sawa. Mpenzi wangu alipenda siku ile, na bado kabla hatujashuka kwenye basi aliniambia kwamba anatamani siku moja aje na kitu kikubwa mikononi, watu wakiona. Sikumpinga. Korido ipo. Tunaishi ndani yake, na kupenda kuonekana unapendwa si dhambi. Ninachotaka ni kwamba siku hiyo ikija, kitu hicho kisiwe kimetoka kwenye sahani yake.

Mwenzangu wa chumbani naye aliniomba ushauri kama amwambie kijana wake ukweli kuhusu yale maua. Nilimwambia sijui, na kweli sikujua. Kuna shukrani zinazouma ukizirekebisha. Alimwambia. Kijana alinuna, akaja, wakazungumza mpaka usiku kule chini ya ngazi. Aliporudi alisema tu kwamba mwaka ujao wataulizana kwanza.

Letu sisi lina ugumu mwingine. Yeye anamaliza masomo kabla yangu. Akipata kazi, atakuwa na mshahara na mimi bado nitakuwa mwanafunzi, na hapo kanuni ya mwenye kidogo itamfunga yeye. Anasema si haki: mtu akifanya kazi mwezi mzima aruhusiwe kumpa mpenzi wake kitu. Mimi nasema kanuni ikivunjwa mwaka wa kwanza tu mmoja anapopata, basi haikuwa kanuni, ilikuwa njia ya kuvumilia ufukara. Anasema mimi ninaogopa kupokea. Huenda ana hoja hapo, na nimekuwa nikiitafakari tangu aliposema. Nimependekeza kwamba kinachozidi kiende kwenye jambo tunalolitaka wote wawili na lisilo na jina la aliyelipa. Amekataa. Anataka kutoa, na anataka ijulikane ametoa yeye. Tumekubaliana kulifungua tena Januari, kabla bei hazijapanda na kabla yeyote kati yetu hajanunua chochote.